Uongo Usio na Mwongo

Chukua orodha hii. Imeandikwa vile mtu yeyote aliyepita kwenye somo la historia Kenya angeiandika: mwaka, nukta, halafu tukio.

1963. Kenya inapata uhuru.
1978. Mzee Kenyatta anafariki.
1982. Jaribio la mapinduzi linazimwa.
1992. Uchaguzi wa vyama vingi unarudi.
2002. KANU inashindwa uchaguzi.

Sasa ipitishe kwenye kigeuzi cha Markdown, yaani mojawapo ya zile maktaba za programu zinazopokea maandishi ya kawaida na kuyageuza kuwa HTML, lugha ambayo kivinjari cha simu yako husoma ili kikuonyeshe ukurasa. Usibadilishe hata herufi. Kwenye vigeuzi vingi vya siku hizi, kinachotokea kwenye skrini ni hiki:

1963. Kenya inapata uhuru.
1964. Mzee Kenyatta anafariki.
1965. Jaribio la mapinduzi linazimwa.
1966. Uchaguzi wa vyama vingi unarudi.
1967. KANU inashindwa uchaguzi.

Soma tena, polepole. Mzee anafariki mwaka uleule nchi inapokuwa jamhuri na yeye rais wake wa kwanza. Miaka 24 ya Moi imekuwa mitatu. (Najua kuna wasomaji watakaosema afadhali ingekuwa hivyo. Tuwaache.) Kigeuzi hakijapiga kelele, hakijachora mstari mwekundu, hakijauliza. Kimemaliza kazi kabla hujapepesa jicho, na kwa mujibu wa kanuni zake kimefanya kazi safi kabisa.

Swali langu ni rahisi kuuliza: huo ni uongo? Na kama ni uongo, nani ameusema?

Kwanza tuelewe kilichotokea, maana watu wakisikia kompyuta imeharibu kitu hudhani kuna hitilafu ndani. Hakuna hitilafu. Katika Markdown, nambari ikifuatwa na nukta na nafasi mwanzoni mwa mstari, hiyo ni alama ya orodha. Kigeuzi kinachofuata kanuni za CommonMark huangalia nambari ya kwanza tu, ili kijue pa kuanzia kuhesabu. Zinazofuata hakizijali. Vile vya kizazi cha zamani, pamoja na maktaba ya Python-Markdown usipoiagiza vinginevyo, havijali hata ile ya kwanza: vinaanza na 1, na uhuru unakuwa jambo nambari moja, kifo cha Mzee nambari mbili. Na sababu ya kanuni hii ni wema mtupu. Ukiwa na orodha ya vitu 20 kisha ukumbuke kimoja kinachofaa kukaa nafasi ya tatu, hutaki kuandika upya nambari zote. Basi unaandika 1, 1, 1, 1 na kigeuzi kinakupangia. Ni huruma kwa watu wavivu kama mimi.

Kuna kitu kingine kinachonisumbua zaidi. Ukifungua hiyo HTML yenyewe na kutafuta 1978, huipati. Imepotea. Lakini tafuta 1964 pia, na hiyo huipati. Faili inasema tu: anza na 1963, halafu hapa kuna kitu, hapa kingine, hapa kingine. Kivinjari ndicho kinachohesabu, tena wakati uleule unapotazama. Kwa hiyo mwaka wa uongo haujaandikwa na mwalimu aliyechapa orodha, haujaandikwa na kigeuzi, haumo ndani ya faili iliyohifadhiwa. Unazaliwa kwenye simu ya msomaji, mkononi mwake, anaposhuka nao ukurasa kwa kidole gumba ndani ya matatu.

Mimi huishi kwa kazi za aina hii. Niliacha chuo mwaka wa pili, hadithi ndefu yenye neno moja, karo, na tangu wakati huo nimekuwa nikiandika ya kwangu usiku na kubeba maandishi ya wengine mchana. Kubeba ndilo neno. Mtu ana faili 140 za maandishi ya kawaida na anataka ziwe kurasa za tovuti. Unaandika mistari michache ya Python: ita maktaba, fungua faili, mpe maandishi, akupe HTML, hifadhi, nenda kwa inayofuata. Faili 140 zinaisha kabla chai haijapoa. Malipo ni kwa faili, si kwa saa, kwa sababu mteja naye si mjinga, anajua chai haijapoa.

Markdown yenyewe ilitoka 2004. Aliyeitengeneza ni John Gruber, Mmarekani mwandishi wa mambo ya kompyuta, na mtu aliyemsaidia kufikiria kanuni zake alikuwa Aaron Swartz, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 17. Swartz baadaye aliingia Stanford, akaondoka baada ya mwaka mmoja. Sitajifananisha naye, ila nakubali kwamba niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilikaa vizuri kidogo kwenye kiti. Alifariki Januari 2013 akiwa na miaka 26, akiwa amefunguliwa mashtaka Marekani kwa kupakua makala za kitaaluma kwa wingi. Kitu ambacho hakitajwi sana ni kwamba aliandika pia programu ya kwenda upande wa pili, iitwayo html2text: unaipa HTML, inakurudishia maandishi ya Markdown. Nitarudi kwa hilo, maana ndani yake kuna kipimo kizuri.

Wazo la Gruber lilikuwa na heshima fulani kwa binadamu. HTML ni lugha iliyojaa mabano. Ukiisoma mbichi unachoka. Yeye alitaka maandishi ambayo hata kabla ya kugeuzwa yanasomeka, kama barua. Hivyo akachukua mazoea ambayo watu walikuwa nayo tayari kwenye barua pepe: kinyota huku na huku cha neno ili kulitilia mkazo, kistari mwanzoni mwa mstari kwa orodha, aya kutengwa kwa mstari mtupu. Kwa maneno mengine hakuwafundisha watu lugha mpya. Aliwasikiliza wanavyoandika, akaifanya mashine ijifunze. Mimi hilo nalipenda hadi leo.

Shida ni kwamba mazoea ya watu hayana mpaka. Sisi tumelelewa na WhatsApp. Huko neno likikaa kati ya vinyota linakuwa herufi nzito. Kwenye Markdown neno hilohilo, kwa vinyota hivyohivyo, linalala, linakuwa italiki. Na si italiki tu. HTML ina lebo mbili zinazoonekana sawa kwa macho: moja inasema "lalisha herufi hizi", nyingine inasema "hapa mwandishi amekazia". Kigeuzi kikiona kinyota huchagua ya pili. Kwa hiyo nikiandika kwamba nimemaliza kusoma *Rosa Mistika*, mimi nimetaja kitabu tu vile tulivyofunzwa kutaja kitabu, lakini HTML inatangaza kwamba nimekazia. Sijakazia kitu. Kwanza Kiswahili hakihitaji sana mlalo wa herufi ili kukazia. "Ndiye" ikisimama mahali pake inatosha, na kila mtu mezani amejua ni nani aliyekula nyama.

Hili dogo halimuui mtu. Nalitaja ili uone kwamba kigeuzi hakihamishi tu. Kinatafsiri. Kila alama inayokipita kinaiamulia maana.

Rafiki yangu mmoja anayeandika programu hanielewi nikisema hivyo. Tulibishana sana juu ya jambo hili, Jumamosi moja, mpaka mwenye kibanda cha chipsi akaanza kuegemeza viti. Hoja yake: "Kigeuzi ni panga bana. Panga halidanganyi. Ukijikata, umejikata." Ni hoja nzuri na kwa siku kadhaa sikuwa na jibu. Jibu nililopata baadaye ni kwamba panga halisomi. Panga halijui kama linakata muwa au kidole, na hakuna anayelitumia kwa sababu linajua. Kigeuzi tunakitumia kwa sababu ya usomaji wake. Kazi yake yote ni kutazama alama na kusema hii inamaanisha kichwa cha habari, hii orodha, hii mkazo. Mtu au kitu kikishaanza kusema "hii inamaanisha hivi", kimeingia kwenye uwanja ambapo kuna kweli na uongo. Tofauti ni kwamba mimi nikiingia uwanja huo unaweza kunishika shati na kuniuliza. Kigeuzi hakina shati.

Na hakikatai. Hapa ndipo pana kiini, naomba univumilie. Waraka wa kanuni za CommonMark, ambao ulitolewa kwa mara ya kwanza 2014, unasema wazi kwamba mfuatano wowote wa herufi ni hati halali. Wowote. Mwage mtama kwenye kibodi, kuku adonoe, kitakachoandikwa ni Markdown halali na kitageuzwa bila neno. Lugha za programu hazifanyi hivyo. Ukisahau mabano kwenye Python inagoma na kukuonyesha mstari uliokosea. Markdown haijui kugoma.

Nikiwa mwanafunzi ningesema huo ni wema. Fikiria mara ngapi umekataliwa na mashine. Kila mtu mwenye ng' kwenye jina anajua ninachosema: unajaza fomu, unaandika Ng'ang'a, fomu inakujibu kwamba jina lako si sahihi. Jina la babu yako, si sahihi! Unaondoa kile kiapostrofi ili upite, na tangu siku hiyo kwenye rekodi zao wewe ni mtu mwingine. Mbele ya dharau hiyo, mashine inayokubali kila kitu inaonekana kama mwenyeji mkarimu. Karibu, kaa popote.

Ila ukarimu wa namna hiyo nao una yake. Jina hilohilo likipita kwenye programu mbili ambazo zote zina tabia ya kukinga alama za hatari, moja ikageuza kile kiapostrofi kuwa msimbo na ya pili ikaukinga msimbo wenyewe, msomaji anapata Ng'ang'a. Umewahi kuliona. Sote tumewahi kuliona, hata kwenye matangazo ya rambirambi. Hakuna mashine iliyokataa jina. Zote zimelikubali, kila moja kwa adabu zake, na jina limekufa katikati yao. Nimejaribu kuamua ni kipi kibaya zaidi, kukataliwa jina lako mlangoni au kukaribishwa na kubadilishwa ukiwa ndani. Anayekataliwa angalau anajua.

Waandishi wa maktaba hizi si watu wa kupuuza, na sitaki usomaji wangu uwafanye wahalifu. Tazama usalama. Markdown inaruhusu HTML mbichi ipite ndani yake bila kuguswa, na hiyo inamaanisha mtu mbaya anaweza kupenyeza kipande cha programu kinachoiba. Wao wanalijua hilo. Maktaba ya marked, inayotumika sana kwenye JavaScript, inaonya waziwazi kwamba haisafishi inachotoa, na inakuelekeza utumie chombo kingine cha kusafisha. Ni vizuri. Lakini ona tulipofika: kwa mwizi tumeweka onyo na askari. Kwa 1978 kugeuka 1964, hakuna hata filimbi.

Hata onyo lipo, kusema haki. Gruber mwenyewe, katika maelezo yake ya kwanza kabisa, alitoa mfano wa mtu anayeanza sentensi kwa mwaka na nukta, akashauri uweke mkwaju unaoegemea nyuma mbele ya hiyo nukta ili kigeuzi kisidhani ni orodha. Kwa hiyo imeandikwa. Yeyote angeweza kuisoma. Mwalimu mstaafu anayechapa historia ya kijiji chake kwa vidole viwili angeweza kuisoma pia, kama angejua kwamba anaandika Markdown. Yeye alidhani anaandika Kiswahili.

Mmoja wa watu walioongoza kazi ya CommonMark ni John MacFarlane, na hapa mambo yanakuwa matamu, kwa sababu MacFarlane si mtaalamu wa kompyuta kwa cheo. Ni profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ndiye pia aliyeandika Pandoc, programu iliyotoka 2006 inayogeuza maandishi kutoka muundo karibu wowote kwenda mwingine. Mwaka uleule wa 2014 alichapisha kitabu cha falsafa kinachotetea wazo kwamba ukweli wa baadhi ya kauli unategemea nani anayezipima. Ukisema pilau hii ni tamu, kauli yako ni kweli kwa kipimo cha nani? Cha aliyesema, au cha anayeipima sasa? Mtu huyohuyo akaketi na wenzake kuandika mamia ya mifano midogo ya vinyota na nafasi, ili maandishi yaleyale yasitoe matokeo tofauti kwa kila maktaba. Awali waliuita mradi wao Standard Markdown. Gruber akakataa jina, likabadilishwa. Aliona, nadhani, kwamba kitu kilichoanza kama mazoea ya watu hakifai kuvishwa sare. Mimi nasimama na MacFarlane kwa hili, ingawa moyo uko kwa Gruber. Maktaba mbili zikinipa miaka tofauti kutoka kwa orodha moja, sitaki kuambiwa habari za mazoea.

Lakini CommonMark ilitibu ugonjwa mmoja tu, wa vigeuzi kutokubaliana. Sasa vile vinavyoifuata vinakubaliana. Vyote kwa pamoja vinasema Mzee alifariki 1964.

Nilisema nitarudi kwa html2text. Kipimo ninachokichukua huko ni hiki: peleka, kisha urudishe. Neno la mkazo ukiligeuza kwenda HTML na kulirudisha, mkazo unarudi. Kichwa cha habari kinarudi. Hapo kigeuzi kimekuwa mwaminifu, hata kama kimebadilisha kila herufi ya sura yake. Lakini rudisha ile orodha ya miaka. Hakuna programu duniani, hata iandikwe na Swartz mwenyewe, itakayoweza kukurudishia 1978, kwa sababu haipo tena mahali popote pa kuitoa. Ndiyo maana nasitasita kuiita hitilafu ndogo ya sura. Kitu kilichopotea njiani bila mtu kuamua kipotee, na bila alama kwamba kilikuwepo, kwangu ni zaidi ya sura.

Zamani kazi hii ilifanywa na watu. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa hayakutufikia yenyewe. Mtu mmoja, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyakusanya, na kwa msaada wake yakamfikia mmishonari W. E. Taylor, yakaja kuchapishwa kwa herufi za Kirumi 1940. Kiswahili cha hati ya Kiarabu ya siku hizo kilikuwa na utata wake: herufi moja ya ba ingeweza kusomwa b, p au mb. Hakuna kanuni ya kukuambia ipi. Lazima ujue neno, ujue mji, ujue mshairi alikuwa anamtukana nani. Na pale usipojua, unamwuliza anayejua. (Kwamba aliyejua kuliko wote aliitwa Sikujua, hilo sikulitunga.) Sisemi kazi yao haikuwa na makosa. Nasema kila kosa lilikuwa na mwenyewe. Mzungu angeweza kuhojiwa, Mwalimu angeweza kuhojiwa, na wasomi wamekuwa wakiwahoji tangu hapo.

Basi nani wa kuhojiwa leo? Mwalimu aliyechapa hakufanya kosa. Mwaka na nukta ni Kiswahili fasaha. Waandishi wa maktaba wameigawa kazi yao bure, na leseni zake zinasema kwa herufi kubwa kwamba haina dhamana ya aina yoyote. Hiyo ni haki yao. Mtu akikupa punda bure huwezi kumshtaki punda akijikwaa. Mteja anayelipa kwa faili? Huyo ningependa sana kumlaumu, lakini yeye ananunua kile tunachouza.

Nafikiri tunachanganya kosa na dhamana. Kosa ni la aliyetenda vibaya, na hapa huenda hakuna aliyetenda vibaya. Dhamana ni kitu kingine: ni nani aliyesimama mahali ambapo pande zote mbili zinaonekana? Mwalimu aliona maandishi, hakuona ukurasa. Msomaji ataona ukurasa, hataona maandishi. Kigeuzi kilipitiwa na vyote viwili na hakikuona chochote. Aliyebaki ni yule aliyebonyeza. Yeye peke yake ana faili mbili zimefunguka kando kwa kando, au angeweza kuzifungua. Leseni ikisema "bila dhamana" haimaanishi dhamana imeyeyuka hewani. Imeshuka ngazi moja na kukaa mapajani mwake.

Najua jibu la hili, kwa sababu nimelitoa mwenyewe: kwa malipo hayo? Hakuna anayelipa mtu asome faili 140 mara mbili. Kazi ya kusoma haikuwa kwenye makubaliano. Nilipomwambia mteja kwamba baadhi ya kurasa zina miaka isiyo sawa na nahitaji wiki nzima, aliniuliza swali la kweli kabisa: "Nani atasoma hizo?" Na hapo nilijua tunaishi katika falsafa mbili. Kwake ukurasa ambao hausomwi hauwezi kusema uongo. Kwangu mtoto mmoja wa darasa la saba mwenye kazi ya nyumbani na bando la shilingi 20 anatosha. Hatukuafikiana. Aliniongezea siku, hakuniongezea pesa, na nilizichukua hizo siku. Siwezi kusema kila mtu afanye vivyo hivyo. Mimi sina mtoto wa kulisha, na wema usio na kodi ya nyumba ya kulipa ni rahisi.

Miaka ilikuwa rahisi. Unatafuta kila mstari unaoanza kwa tarakimu nne na nukta, unaweka ule mkwaju, basi. Kilichonishinda ni faili moja kuhusu kisima kilichochimbwa kwa harambee 1987. Chini yake kulikuwa na majina ya waliochanga, kila mmoja mstari wake, bila koma, bila nambari. Sasa, kwenye Markdown kushuka mstari mara moja si kitu. Kivinjari kinaonyesha nafasi tu. Ukitaka mstari ukatike, njia ya kawaida ni kuacha nafasi mbili mwishoni mwake, nafasi ambazo hakuna jicho linaloziona. Kwa hiyo wachangaji wote walitoka kwenye kigeuzi wakiwa aya moja, majina yamemiminika mfululizo. Na majina yetu unayajua. Juma Ali Hamisi Omari: huyo ni mtu mmoja, wawili, au wanne?

Ungedhani faili ya awali ingejibu, na kwa sehemu kubwa ilijibu. Lakini mstari mmoja ulikuwa na majina manne, mrefu kuliko mingine, na uliofuata ulikuwa na jina moja tu. Ni mtu wa peke yake, au ni mkia wa yule wa juu ulioshuka kwa sababu karatasi ilikwisha? Hakuna maktaba ya kuiuliza hiyo. Nilimpigia mwalimu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba kijana wangu. Mmemaliza?"

Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, nikasikia kuku nyuma yake.

"Huyo ni mtu," alisema. "Mama mmoja. Tulimwita hivyo tu, jina moja. Hakuwa na pesa, alileta mayai, tukayauza pale pale. Sasa nyinyi mmemfanya jina la babu wa mtu?"

Nikamwambia bado hatujamfanya chochote. Akasema basi nimsomee wote, toka wa kwanza, ahesabu. Nilisoma, yeye akihesabu kwa sauti, akinirekebisha matamshi mahali pawili, na kila alipotaja nambari niliweka nafasi mbili mwishoni mwa mstari. Tulifika 31. Akasema hapana, walikuwa 32, nianze tena.